Sindano Saba na Mtu wa Kunishika Kichwa

Kindu, ukingoni mwa Lualaba,
Mwezi 9 Mfunguo Pili, mwaka 1307

Mpendwa dada yangu Hadidja,

Salamu nyingi zikufikie huko Ujiji, wewe na shemeji Sumaili na watoto wote, hata wale waliozaliwa nyuma yangu nisiowajua majina. Umeamkaje, dada? Kile kikohozi cha masika kimekuacha? Mama anakula? Analala? Macho yake bado yanaona mwanga wa mlangoni, au hata huo umekwenda? Nijibu lolote, hata likiwa baya, maana kukaa bila kujua kunachosha kuliko habari mbaya.

Sisi huku hatujambo. Aziza mke wangu ni mzima, anakusalimu kwa mikono miwili. Mimi ni mzima nusu ya juu. Hiyo nusu ya chini ndiyo iliyonikalisha kuandika barua ndefu namna hii, nawe unajua mimi si mtu wa barua ndefu. Ndani yake mna neno zito, dada. Nitalifikia polepole, usinisukume.

Maneno ya mama niliyapata mwezi wa Rajabu, kwa watu wa msafara wa chumvi. Kwamba ukungu umefunika na jicho la pili, na kwamba anataka kunishika uso kwa mikono yake angali hai. Ukaongeza mwenyewe: njoo sasa, usiseme mwakani. Wallahi tangu siku ile sijapata usingizi wa raha. Miaka kumi na miwili nimesema mwakani.

Nia nilikuwa nayo, mguu ndio sina. Maumivu yalianza kiunoni upande wa kulia, yakashuka nyuma ya paja mpaka kwenye kifundo, kama mtu anavuta uzi ndani ya nyama. Ndiyo malipo ya kukunja miguu juu ya mkeka miaka yote hii nikishona kanzu na kofia za watu. Kufika Shaabani nilikuwa siwezi kutoka mkekani mpaka mlangoni bila kushika ukuta. Kutoka Kindu mpaka Ujiji ni miezi miwili na zaidi ya kutembea, nawe wajua msafara haumngoji kilema. Machela ni ya wakubwa. Fundi kofia akishindwa njiani huachwa kijiji cha karibu, akaombewa heri.

Dawa nimezimaliza. Habasoda nimekunywa, mafuta ya moto nimesuguliwa, tangawizi nimefungwa, kombe nimeandikiwa nikalinywa siku saba. Namshukuru Mungu kwa yote, lakini mguu ulibaki vile vile. Mfungo mzima nimesali nimekaa.

Aziza ndiye aliyenitajia Kaluta. Ni mama mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya mto, mwenye kutibu viungo kwa kudunga. Anakudunga sindano mahali mahali, huziacha zimesimama mwilini muda wa kuchemsha chungu cha mihogo, halafu huzitoa. Mjomba wake Aziza alikuwa hawezi kupanda mchikichi, leo anapanda na kibuyu mgongoni. Nikasema, astaghfirullah, mimi? Sindano? Aziza alicheka akakaa chini. Akaniambia, bwana, sindano ndizo zinazokulisha, leo unazikimbia?

Wewe peke yako, dada, ndiye usiyecheka. Au utacheka zaidi, sijui. Unakumbuka siku uliyotogwa masikio? Ulikuwa na miaka tisa, mimi saba. Wewe uliyetogwa hukulia. Mimi niliyetazama nilianguka juu ya sufuria ya uji, bibi akaacha sikio lako la pili akaja kunimwagia maji. Tangu siku hiyo mimi ndiye yule yule. Kidole changu nimekichoma mara elfu kazini, hilo ni ajali, halinitishi. Lakini mtu anijie na chuma mkononi, amekusudia, ameniangalia pa kuchoma! Hapo natafuta mlango.

Nikakataa mwezi mzima. Halafu ikapigwa mbiu kwamba msafara wa Ujiji utaondoka tarehe 25 ya mwezi huu, na baada ya huo hakuna mwingine mpaka mvua zipite. Nikahesabu umri wa mama kwa vidole. Nikamwambia Aziza, nipeleke.

Walinivusha kwa mtumbwi nimelala chali. Kaluta ni mama mfupi, mkali, hana maneno mengi. Sindano zake za chuma za mfua wa huko ni nene, nilipoziona nikaanza kutoka jasho. Akazitazama zangu nilizochomeka kwenye kofia, kama tufanyavyo mafundi, akazipenda kwa wembamba wake. Akachagua saba. Akanionya kwamba sindano iliyoingia mwilini hairudi kwenye nguo, kwa hiyo nizisahau. Huku sindano ya pwani ni kitu cha kutunza, dada, lakini nilisema chukua.

Kumbe hilo halikuwa sharti lenyewe. Sharti lenyewe ni kwamba Kaluta hadungi mtu asiyeshikwa kichwa. Na wa kushika si yeyote. Mke hafai, mke ni mtu wa nyumba nyingine. Ni lazima awe ndugu, kwa sababu mtu aliyelala na chuma mwilini, roho yake humtafuta mtu wake, isipomwona hutoka kwenda kumtafuta mbali. Akaniuliza, "Muntu wa damu yako iko wapi? Ao muntu mulinyonya naye ziwa moja?"

Hapo ndipo neno lenyewe, dada. Nimelifikia. Kaa chini kama umesimama.

Bulaimu amekufa. Si juzi wala mwaka huu. Alikufa miaka miwili iliyopita, kwa ndui, nyumbani mwangu, mikononi mwa Aziza. Kila barua niliyowaletea tangu hapo nikaandika "Bulaimu anawasalimu sana" nimeandika uongo. Nilikuwa nikifika mwisho wa barua kalamu inasimama, naona uso wa mama, naandika salamu za maiti. Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Sihitaji kukukumbusha alikuwa nani. Baba alimleta kutoka upande wa Kabambare akiwa mchanga wa kubebwa, kwa njia tunayoijua sote na hatuisemi. Mama alikuwa na mimi kifuani, akampa ziwa la pili. Watu wa Ujiji walimwita mtumwa wetu, mama alimwita mwanangu. Mimi nilimwita vyote viwili, kufuatana na kazi niliyotaka aifanye. Naandika haya kwa kuwa ni kweli.

Basi Kaluta aliponiuliza habari ya ziwa moja, sikumtaja Bulaimu. Halafu nikajifanya mwerevu. Nikasema ninaye ndugu wa damu hapa hapa Alunguli, Kalonda, mkubwa wa Wagenya wa mitumbwi. Tumechanjiana mwaka 1300, nilipofika kuweka kibanda changu hapa, na watu wote wanajua. Kaluta akatuma aitwe.

Kalonda akaja, mtu mrefu, mikono bado ina magamba ya samaki. Akasikiliza shida yangu mpaka mwisho. Akanitazama kwa upole, ndio ulioniumiza, akasema, "Ndugu yangu njo yeye Bulaimu. Alikufa. Nilinyoa kichwa, weye uliniona." Akanitakia afya, akarudi kwenye nyavu zake. Kaluta akafunga sindano ndani ya jani. Wakanirudisha ng'ambo kama nilivyoletwa.

Katika mtumbwi Aziza akaniuliza, basi aliyechanjwa ni nani? Ikabidi nimwambie. Kalonda alipotaka undugu na nyumba yangu, jambo lenyewe lilikuwa la wembe: anachanjwa huyu, anachanjwa yule, mnasugua damu kwa damu mbele ya watu. Nami nisingeweza kuuona wembe ule. Nikasingizia homa, nikasingizia dini, mwishoni nikamvika Bulaimu kanzu yangu na kilemba changu, nikakishusha mpaka machoni, maana Kalonda alikuwa hajatuzoea nyuso, nikamwambia nenda wewe, jina langu ndilo litakalotajwa. Akaenda. Hakuniuliza kitu. Miaka mitano nikala samaki wa Kalonda, nikivushwa bure, nikiitwa ndugu sokoni, na kovu liko kwenye mkono wa mtu mwingine. Bulaimu alipokufa, Kalonda akanyoa nywele akakaa siku arobaini bila kupaka mafuta, nami nikasema moyoni, ona huyu Mgenya anavyozidisha, kwa mtu wa kazi tu!

Nyumbani Aziza akanipikia, akaniwekea chakula, akakaa kunipa mgongo. Siku tatu hivyo. Dada, mguu unauma, lakini mgongo wa mke wako unauma zaidi.

Siku ya nne nikawaomba Wagenya wanivushe tena. Sikwenda kwa Kaluta, nilikwenda mlangoni kwa Kalonda. Nikamwambia nataka kuchanjwa mimi mwenyewe, hata kama ni kuchelewa. Akasema damu haichanganywi juu ya uongo. Kwanza niseme mbele ya watu wake nilichofanya na kwa nini. Nikamwomba tuseme ndani, sisi wawili. Akakataa. Basi nikasema pale pale uwanjani, mbele ya wanawake wanaokausha samaki na wazee wanaosuka mitego, kwamba mimi Kasimu, mwungwana wa Ujiji, fundi wa sindano, nilimtuma mwingine kwa sababu naogopa wembe.

Wakacheka, ya Rabi! Bibi mmoja alicheka mpaka akashika nguzo. Na mimi nikiwa nimekaa mavumbini na mguu wangu, nikaanza kucheka nao, sijui kwa nini. Labda ni uchovu. Kuficha kitu miaka saba kunachosha kuliko kubeba mzigo wa pembe.

Walipotulia, Kalonda akaniambia jambo ambalo sikulijua. Alijua tangu siku ile ile. Damu ikiwa bado mbichi, Bulaimu alimnong'oneza kwamba yeye si Kasimu, kwamba bwana wake anaogopa chuma tangu utotoni, na kama Kalonda ameona amedanganywa basi amwoshe, aende zake. Kalonda akajibu kwamba damu ikishachanganyika haioshwi. Miaka mitano wakawa ndugu kweli, kila Ijumaa baada ya sala Bulaimu akivuka kwenda kula kwake. Mimi nikidhani anakwenda kutazama wanawake. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyefungua kinywa, kwa kunisitiri mimi.

Nikachanjwa asubuhi iliyofuata, mkono wa kulia, chale mbili. Sikuanguka. Nilifumba macho, nikasoma yote ninayoyajua, nikakanyaga mguu wa Aziza mpaka leo una alama. Hatukula ini wala damu, Kalonda anaiheshimu dini yangu kuliko nilivyoiheshimu mimi nilipoisingizia. Tukasugua mkono kwa mkono, basi. Ni maumivu ya dakika moja, dada. Kwa dakika hiyo moja nilimtuma mtu.

Tukaenda kwa Kaluta siku ile ile. Nikalala kifudifudi juu ya mkeka, Kalonda akaketi mbele akanishika kichwa katikati ya magoti yake, viganja kwenye masikio. Sindano ya kwanza iliingia kiunoni. Nilipiga ukelele kabla haijanigusa, Kaluta akaniambia ningoje nipigie ya kweli. Kumbe haikuwa vile nilivyoiogopa miaka yote. Inauma kidogo kama siafu, halafu panakuwa pazito, panapata joto, na uzito ule unatembea wenyewe kushuka mguuni. Ya pili kwenye tako, ya tatu katikati ya paja, ya nne nyuma ya goti, ya tano na ya sita kwenye shavu la mguu, ya saba karibu na kifundo. Kisha nikaambiwa nisitikisike.

Nikiwa nimelala hivyo, sioni kitu ila mkeka, Kalonda akaniuliza, "Ndugu yetu alikufa namna gani?" Alijua kwamba ni ndui, wote walijua. Aliuliza lingine. Na mtu aliyeshikwa kichwa hana pa kugeuza uso.

Nikamwambia, na wewe nakuambia. Mwaka ule ndui ilipokuwa bado Nyangwe, alipita fundi wa kuchanja, anatia usaha kidogo mkononi ili upate ndui ndogo, kubwa isikupate. Nusu ya Kindu walichanjwa. Bulaimu alitaka kwenda. Alikuja akaniuliza, twende? Nikamwambia mambo ya kishenzi hayo, Mungu ndiye mlinzi, kaa ufanye kazi. Sikuwa na Mungu moyoni nikisema hivyo, nilikuwa na ule wembe. Nilijua yeye akienda, Aziza ataniuliza, mbona wewe huendi? Kwa hiyo akakaa. Aziza alikuwa ameshachanjwa kwao, aliokoka. Mimi nikapata ndui kwanza, Bulaimu akaniuguza siku kumi na tano, akinipangusa, akinilisha. Nilipoanza kukaa kitako, yeye akalala. Wenyewe husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu mimi mwoga kilikwenda kilio, dada, na aliyeliliwa hakuwa mimi.

Nililia juu ya mkeka wa Kaluta kama mtoto, na sindano saba zimesimama. Kaluta akanikemea nisitikisike. Kalonda hakuniachia kichwa, ndilo ninaloweza kukuambia. Machozi yake mengine yaliniangukia shingoni.

Nimedungwa mara nne tangu siku hiyo. Sitakudanganya kwamba nimekuwa kijana. Usiku bado mguu unanung'unika, na asubuhi naamka nimechoka kama sikulala. Lakini jana nimetembea kutoka mtoni mpaka msikitini na kurudi, kwa fimbo, nikapumzika mara moja tu. Kaluta anasema mara tatu tena, kisha nitaweza njia. Kalonda amesema atanipandisha kwa mtumbwi wake mpaka Nyangwe ili nipunguze siku za kutembea, na msafara utanikuta huko. Barua hii inatangulia kwa matarishi wanaotoka kesho, hao wanakimbia.

Sasa nisikilize. Nilipoanza kuandika juzi nilikuwa na haja moja kwako. Nilitaka nikuombe umwambie mama habari za Bulaimu, polepole, kwa maneno yako mazuri, siku nyingi kabla sijafika. Nilipanga hivyo: nikifika nikute kilio kimekwisha, macho yamekauka, nikae nile. Hata Aziza aliona ni vyema. Nimeandika mpaka hapa, nikasoma tangu mwanzo, nikaona ninafanya nini. Natafuta wa kumvika kanzu yangu. Safari hii ni wewe.

Usimwambie, dada. Wewe lia peke yako, nisamehe kukutwika hilo, lakini usimwambie.

Nisalimie shemeji Sumaili, mwambie kofia yake nimeishona na nitaileta kichwani mwangu isikunjike. Nisalimie shangazi Zuhura kama yu hai, na watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Aziza anabaki hapa kulinda nyumba, anaomba mumwombee na yeye. Mungu awafunike, awape afya na chakula cha kutosha, aniwekee mama mpaka nifike mlangoni.

Mama mwambie tu kwamba Kasimu yuko njiani na anatembea. Akikuuliza, na atauliza, mbona safari hii hamna salamu za Bulaimu, mwambie hilo atajibu Kasimu mwenyewe, uso wake ukiwa mikononi mwako wewe mama.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Kasimu